Mbeleko ya Mtoto Mchanga

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wazazi)



Nimetakiwa niseme machache juu ya mbeleko ya mtoto aliyezaliwa karibuni. Labda mtu atauliza moyoni, "Karani wa kiume ana habari gani za mbeleko?" Ni swali la haki. Mama zetu waliijua kazi hii kabla mimi sijajua kushika kalamu. Lakini siku hizi mbeleko hununuliwa dukani, na mara nyingi fedha hutoka katika mfuko wa baba. Basi yatupasa sisi wanaume kujua tununuacho. Tena jambo lenyewe lahusu pumzi ya mtoto, na pumzi haina mbadala.

Tangu zamani mbeleko ina heshima kubwa. Katika ndoa za pwani, mbali na mahari, mama wa bibi arusi hupewa zawadi iitwayo ubeleko, kuwa ni shukrani kwa nguo aliyomchukulia binti yake mgongoni. Na wahenga walisema, "Mwana hutazama kisogo cha nina." Methali hiyo ni ya kweli, lakini yamhusu mwana aliyekwisha kukaza shingo. Mtoto wa majuma mawili matatu hawezi kutazama kisogo cha mtu, maana kichwa chake ni kizito na shingo yake ni laini. Huyo ndiye nimsemaye leo.

Mbeleko tulizo nazo ni za namna mbili: nguo yetu ya kanga au kitenge, na mbeleko ya dukani yenye mikanda na vifungo. Vijana wengine huidharau kanga kuwa ni ushamba, na wazee wengine huucheka mfuko wa dukani kuwa ni mambo ya Kizungu. Wote wawili hawana haja ya kudharauliana. Ann Moore, mwuguzi wa Marekani, alifanya kazi Togo katika miaka ya 1960, akaona jinsi watoto wanavyotulia wakifungwa kwa nguo katika miili ya mama zao. Aliporudi kwao akapata mtoto, yeye na mama yake wakatengeneza mfuko wenye mikanda wa kumchukulia, na mwaka 1969 akapewa hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Kumbe hata ule mfuko wa dukani una asili yake Afrika! Kwa hiyo tusiulize, "Mbeleko hii yatoka wapi?" Tuulize, "Yamshikaje mtoto?"

Jambo la kwanza la kuangalia ni pumzi. Njia ya pumzi ya mtoto mchanga ni nyembamba na laini. Kidevu chake kikilala juu ya kifua, njia ile hukunjika kama bua la jani la boga, na hewa haipiti vema. Yeye hana nguvu za kuinua kichwa, wala hawezi kulia, maana kilio nacho chataka pumzi. Aweza kufa kimya kifuani pa mama anayedhani kuwa mwanawe amelala. Mwezi wa Machi 2010 idara ya Marekani iangaliayo usalama wa bidhaa ilitangaza kwamba katika miaka 20 iliyotangulia ilipata habari za vifo visivyopungua 14 vilivyohusiana na mbeleko za kuning'inia begani. Katika hivyo, 12 vilikuwa vya watoto wasiotimiza miezi minne. Hatari ya mbeleko ya namna ile ni kwamba mtoto aweza kujikunja ndani yake kama ndizi, au uso wake ukafunikwa na nguo.

Basi mtoto mchanga afungwe mbele, wima, kifua kwa kifua. Uso wake uonekane wakati wote, na kichwa kiwe karibu hata mama akiinama kidogo aweze kumbusu. Kati ya kidevu na kifua ipatikane nafasi ya kupitisha kidole kimoja au viwili. Nguo ikazwe vema ili asiteleze chini, na mgongo wake ushikwe usijikunje. Nguo isifunike pua wala kinywa.

Najua kuna mama wengi waliowaeleka watoto wachanga mgongoni, nao wakakua salama. Silikatai jambo hilo. Lakini mama hana macho kisogoni, na mtoto wa siku chache hawezi kumwita. Ni afadhali kungoja mpaka shingo ikaze, yaani miezi minne hivi, ndipo ahamie mgongoni. Na mama mwenye mtoto kifuani akitaka kuokota kitu, akunje magoti badala ya kuinama, tena amshike mtoto kwa mkono.

Jambo la pili ni miguu. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya tundu la nyonga, na kwa mtoto mchanga tundu hilo ni laini bado. Miguu ikinyoshwa na kubanwa pamoja, mfupa waweza kutoka mahali pake, na mtoto akakua akichechemea. Japani watu walikuwa na desturi ya kuwafunga watoto wachanga miguu ikiwa imenyoka. Tangu mwaka 1975 wazazi walifundishwa kuacha desturi hiyo, na watoto wenye ugonjwa wa nyonga wakapungua sana. Sasa tazameni kwa jirani zetu wa Malawi, ambako mama huwaeleka watoto wakiwa wamepanua miguu. Waganga wa hospitali moja ya mjini Blantyre walichungua madaftari yao ya tangu 2002 hata 2012. Walikuta watoto 40,683 waliotibiwa, na hakuna hata mmoja aliyepasuliwa kwa ugonjwa huo wa nyonga.

Hapo twaona kwamba desturi yetu ina hekima yake. Tuishike, na kwa mtoto mchanga tuihamishe kutoka mgongoni kuja kifuani. Nguo ifike nyuma ya goti moja mpaka nyuma ya goti la pili, na magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, kama chura akaavyo. Mbeleko ya dukani yenye kitambaa chembamba kati ya mapaja, miguu ikaning'inia kama suruali kwenye kamba, haimfai mtoto mchanga.

Jambo la tatu ni uzito. Kabla ya kwenda dukani, baba aitazame kadi ya kliniki ajue mtoto ana kilo ngapi. Kisha asome maandishi yaliyoshonwa katika mbeleko, ambayo hutaja uzito wa chini unaoruhusiwa. Baadhi yake husema kilo 3.5. Mtoto wa kilo tatu akitiwa humo atazama kama punje katika gunia. Kama maandishi hayapo, asinunue.

Na mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, au kabla ya miezi yake kutimia, hahitaji kitu cha dukani. Ahitaji ngozi ya mama yake. Desturi hiyo ya kumweka mtoto mdogo kifuani, ngozi kwa ngozi, ilianzishwa na mganga Edgar Rey Sanabria mjini Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 zilitangazwa habari za majaribio yaliyofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto wa kilo moja hata wasiofika kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa 120 katika kila 1,000 kabla ya kutimiza siku 28. Wale waliongojewa kwanza mpaka hali zao zitulie walikufa 157 katika kila 1,000. Mimi ni mtu wa hesabu: tofauti hiyo ni watoto 37, na chombo kilichowaokoa ni kifua na kipande cha nguo. Jambo hili lianze kwa maelekezo ya wauguzi. Na mama akichoka, kifua cha baba nacho chafaa.

Sasa niseme juu ya nguo yenyewe. Anayetumia kanga aishike mbele ya mwanga. Ikiwa imechakaa hata nuru yapita, itumike kwa kazi nyingine. Aivute kwa mikono miwili aone kama yapasuka. Nguo ya pamba hushika fundo. Nguo ya kuteleza hulegea njiani. Anayenunua ya mikanda avute kila mshono na afunge kila kifungo mara kadhaa palepale dukani, mbele ya mwenye duka, wala asione haya.

Yako na makatazo machache ya kukumbukwa. Usipike penye moto na mtoto kifuani. Usipande naye baisikeli wala pikipiki ukidhani kwamba mbeleko itamlinda. Wakati wa jua kali mguse shingoni. Akitoka jasho, mpunguzie nguo. Ukijisikia usingizi, mfungue umlaze chali mahali pake.

Ndugu zangu, mbeleko ya bei kubwa haimwongezei mtoto pumzi, wala kanga ya kale haimwondolei. Mama akimfunga mtoto leo jioni, na baba asogee atazame: uso waonekana? Kidevu kimeinuka? Magoti yako juu? Nguo imekaza? Kazi hiyo haimalizi dakika moja. Baadaye shingo ikikaza, mwana ataelekwa mgongoni, naye atakuwa na miaka mingi ya kutazama kisogo cha nina.