Waya Ukiuzwa, Fedha Zetu Zinabaki kwa Nani?

(Maelezo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Njoro, Moshi)

Mlituomba tuzungumzie jambo ambalo kwa haraka haraka linaonekana halihusu maendeleo: itakuwaje siku kampuni ndogo inayoleta televisheni majumbani kwa waya inaponunuliwa na kampuni kubwa. Sisi tunaona linahusu sana. Mama anayelipia kifurushi kutokana na mauzo ya ndizi ana haki ya kujua fedha yake imeshikwa na nani.

Biashara hii ya waya ilizaliwa milimani. Mnamo mwaka 1948 huko Marekani, katika miji midogo ya jimbo la Pennsylvania na kwingineko, mawimbi ya televisheni hayakufika mabondeni. Wenye maduka ya kuuza televisheni wakasimika antena juu ya kilima na kushusha waya hadi kwa wateja. Mtu wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa sana hapo. Anajua kijibonde kimoja kinavyoweza kukunyima mawimbi wakati jirani yako wa juu anaona na kusikia vizuri. Mwaka 1963 mfanyabiashara mmoja, Ralph Roberts, alinunua mtambo mdogo wa namna hiyo katika mji wa Tupelo, Mississippi, wenye wateja 1,200 tu. Kutokana na mtambo huo ikakua Comcast, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za mawasiliano duniani. Kwa hiyo mdogo kumezwa na mkubwa katika kazi hii si ajali. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Sababu yake ni gharama. Mwenye mtambo mdogo anahitaji madishi, chumba cha mitambo, na waya unaopita nguzo hadi nguzo. Picha hudhoofika kadiri waya unavyorefuka, hivyo lazima aweke ampilifaya njiani, na kila ampilifaya inahitaji umeme na fundi wa kuipandia. Vifaa vikichakaa, kuvibadilisha vyote kunataka mtaji. Wakati huo huo ving'amuzi vimeingia hadi vijijini, hasa baada ya matangazo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na baadaye katika miji mingine. Halafu intaneti nayo imekuja. Mwenye mtambo akiletewa bei nzuri, atauza, na hatuna sababu ya kumlaumu.

Hapa Afrika Mashariki tumeyaona hayo kwa ukubwa tofauti. Wananchi Group ya Nairobi, wenye Zuku, walianza kama watoa huduma ya intaneti. Mwaka 2025 karibu hisa zake zote zilikuwa zimenunuliwa na Axian Telecom, kampuni yenye asili ya Madagaska. Axian hiyo hiyo ndiyo iliyoongoza ununuzi wa Tigo hapa Tanzania, uliokamilika mwaka 2022. Wengi wenu mna laini iliyoanza ikiitwa Mobitel, ikawa Buzz, ikawa Tigo, na tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. Ilipogeuka kuwa Yas, namba haikubadilika na salio halikupotea.

Hapo ndipo tunapenda tukae kidogo, kwa sababu watu wanachanganya mambo mawili. Fedha iliyo kwenye simu yako hutunzwa benki katika akaunti ya amana, mbali na fedha za kampuni yenyewe, na tangu mwaka 2015 tuna sheria ya mifumo ya malipo inayosimamia jambo hilo. Kampuni ikibadili mwenyewe, amana yako ipo. Lakini fedha uliyolipa mapema kwa ajili ya televisheni haitunzwi hivyo. Ukishalipa, ni mapato ya kampuni, itayatumia kulipia umeme na mishahara. Wewe umebaki na ahadi tu ya kuonyeshwa picha. Ahadi hiyo ina thamani sawa na hali ya aliyeitoa.

Baadhi yenu mnaikumbuka GTV. Ilianza mwaka 2007 na ilikuwa na haki za kuonyesha sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza. Watu wakanunua vifaa vyake. Mwishoni mwa Januari 2009 ikafilisika na matangazo yakazimwa ghafla. Aliyekuwa amelipia miezi ya mbele akawa mdai wa kampuni iliyofilisika, tena mdai asiyeshika dhamana yoyote, akipanga foleni nyuma ya mabenki.

Sasa, kununuliwa si kufilisika, ila namna ya kununua ina maana kubwa. Chukueni mfano wa duka pale soko la Mbuyuni. Mtu anaweza kununua duka zima, na jina lake, na leseni, na madeni yake. Wateja waliotanguliza fedha watapewa bidhaa na mmiliki mpya. Huko ndiko kununua hisa. Mwingine anaweza kununua rafu, mizani na daftari la wateja peke yake, akaacha jina na madeni kwa yule wa zamani. Huko ni kununua mali. Katika njia hii ya pili waya unaweza kuendelea kufanya kazi vizuri kabisa, huku miezi yako 3 uliyolipia ikiwa imebaki kwa kampuni ambayo haina tena hata nguzo. Isipoandikwa katika mkataba wao kwamba mnunuzi amechukua deni la wateja, hana wajibu nalo. Hata vijana mafundi wako katika hali hiyo hiyo: hisa zikiuzwa mwajiri ni yule yule, mali ikiuzwa ajira inaweza kuishia hapo.

Je, Serikali haiangalii? Inaangalia, lakini kwa macho mawili tofauti. Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya mwaka 2003, huchunguza muungano wa kampuni zenye thamani inayozidi kiwango kilichowekwa. Mtambo wa mtaa mmoja au miwili hauwezi kufika huko. Kwa hiyo jicho linalotuhusu zaidi ni la pili, yaani TCRA. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, leseni haihamishwi kwa mtu mwingine bila kibali cha TCRA. Uuzaji mdogo unaweza kupita bila Tume kujua, lakini leseni lazima ipite mezani pa mtu.

Na kibali kinaweza kubeba masharti. Mwezi Julai 2025, huko Afrika Kusini, mahakama ya ushindani iliiruhusu Canal+ ya Ufaransa kuinunua MultiChoice, wenye DStv, kwa masharti, mojawapo likiwa kutopunguza wafanyakazi kwa miaka 3. Nako Marekani, tangu miaka ya 1970 miji mingi iliandika katika vibali vya waya kwamba lazima iwepo chaneli ya wananchi, hivyo mnunuzi hukuta sharti likimsubiri. Kwetu jambo hili ni zito. Chaneli ya mtaa inayotangaza misiba, mikutano ya kata na ibada haileti faida kubwa, na mkubwa akipunguza gharama ataanza nayo. Isipoandikwa mapema, hakuna wa kumuuliza.

Ushauri wetu kwa sasa ni kulipa mwezi kwa mwezi, hata mkipewa punguzo la miezi 6. Tunza risiti, au ujumbe wa malipo usiufute. Mkisikia habari za kuuza, muulizeni mwenye kampuni kwa maandishi, kikundi kizima, kama wateja waliolipa mapema wamehesabiwa katika mauzo. Asipojibu, malalamiko yapelekwe TCRA, ofisi ya Kanda ya Kaskazini iliyoko Arusha. Rasimu ya barua ya namna hiyo tumeiandaa kwa Kiswahili, ina nafasi ya majina na tarehe za malipo. Katibu wa kila kikundi achukue nakala 2, moja ibaki kwenye jalada. Sasa tunapokea maswali, tukianza na akina mama wa nyuma kule.