Mita 60 za Ufuko wa Kibirizi



Atokaye Kibirizi kwenda Ujiji hupaona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Zama zile maji yalikuwa karibu. Leo mtu hutembea kitambo kabla ya kuyafikia. Ziwa lilijaa hadi mwaka 1878, likazibua mkondo wa mto Lukuga, kisha likashuka takriban mita 10 kabla karne ile haijaisha.

Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi, Malagarasi na Ruzizi ikiwamo, bali mto utokao ni Lukuga pekee. Maji yaliyo mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvua zikizidi miaka michache mfululizo, ziwa hutanuka ufukoni. Ndivyo ilivyokuwa kati ya 2020 na 2024: huko Gatumba, karibu na Bujumbura, watu walihama nyumba zao, na pwani ya Kigoma haikusalimika. Basi ardhi ionekanayo tupu wakati wa ukame, ziwa huirudia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa au ukingo wa mto. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo huihesabu ardhi hiyo kuwa ya hatari.

Hata hivyo, chama chenye akiba aghalabu hutamani ghala la matofali karibu na mitumbwi. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Abebaye dagaa wabichi kichwani ndiye aujuaye umbali. Lakini jengo lililokatazwa haliwezi kuwa dhamana ya mkopo, na siku likibomolewa au likifurika, hasara huliwa kutoka katika hisa. Katibu aliandikaye katika daftari la mali kwa thamani kamili huwadanganya wanachama pasipo kukusudia.

Chanja za miti na nyavu za kuanikia dagaa ni jambo jingine, kwa kuwa huhamishwa maji yakija. Ghala na ofisi vikae nje ya ukanda. Ni busara kupima kutoka alama ya maji makuu, ambayo wavuvi wazee huijua, wala si kutoka ukingo wa siku ya kupima. Wenye mashamba kando ya mto Luiche wafanye vivyo hivyo. Udongo unaolimwa ukingoni huishia ziwani, kwenye mazalia ya samaki.

Kabla mkutano mkuu haujapiga kura ya kujenga, bodi ikaukague uwanja pamoja na maofisa wa ardhi na mazingira wa halmashauri, ikiwa na kamba ya kupimia, na vipimo viandikwe katika muhtasari. Njia za kwenda majini ziachwe wazi, hata kwa wasio wanachama.