Majina yasifike kama visanduku: maneno juu ya herufi ndani ya PDF

 

Komite imeniomba niseme juu ya orodha. Munajua wote: mtu aliyerudi, jina lake likiharibika kwenye orodha ya mabati ao ya mbegu, siku ya kugawa anaambiwa «wewe hauko humu». Sasa iko njia moja ya jina kuharibika yenye hata mwandishi hana habari nayo. Kwenye ordinatere ya ofisi, «Désiré» linaonekana vizuri. Kwa mfadhili linafika «D□sir□».

Sababu ni hii. Umbo la kila herufi linatoka ndani ya kile Wafaransa wanaita «police» (si wale wa barabarani). PDF inaweza kubeba maumbo hayo ndani yake, ao inaandika tu jina la police na kutumaini kama mashini ya anayepokea iko nayo. Ikikosa, ile mashini inatafuta ingine inayofanana nayo, na hapo é, ï, ao ɛ na ɔ za Kilingala zinaweza kupotea.

Kuangalia ni dakika moja. Katika Adobe Reader ingia Fichier, Propriétés, kisha Polices: kila police inapaswa kuonyeshwa kama imefungwa ndani. Tena fungua faili kwenye simu, maana simu haina police za ordinatere yetu.

Dawa haiko kwenye PDF. Rudi kwenye faili ya Word ao LibreOffice, uitoe tena ukichagua PDF/A. Hiyo ni kanuni ISO 19005 ya mwaka 2005, ya kuchunga makaratasi miaka mingi, na inalazimisha police zote zifungwe ndani. Uzito unaongezeka kidogo tu, kwa sababu kwa kawaida zinaingia herufi zilizotumiwa peke yake. Kuna police zenye mwenyewe amekataza zifungwe, hizo tuziache. DejaVu na Charis SIL ni za bure, na ziko na ɛ na ɔ.

Ugonjwa wa pili unajificha. Orodha inaonekana safi, lakini ukikopi jina na kulibandika kwenye ujumbe, zinatoka takataka. Maumbo yamo, jedwali la kuambia mashini umbo hili ni herufi gani halimo. Mfadhili akitafuta «Furaha» kati ya majina mia nne, anapata sifuri, na Furaha anakosa bati.

Na kama faili ya mwanzo imepotea? Wengine wanachapisha kwenye karatasi na kuiskani. Macho yatasoma, lakini mashini haitatafuta kitu kwenye picha. Mimi naona heri kuandika majina upya, hata ikikula jioni mbili.

Orodha ya mwezi huu haijatumwa bado. Mwenye jina lenye alama juu ya herufi abaki kidogo kisha mkutano, alisome yeye mwenyewe kwenye simu ya mwandishi.