Soko Lisiupe Uwanja Mgongo

Msikilizaji, anayepanga jengo la maduka Tunduma, Vwawa au Mbangala aanze kwa kuitazama Kariakoo, Dar es Salaam. Soko lile lililofunguliwa mwaka 1975 lilibuniwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege inayoleta kivuli na kukinga maji ya mvua. Pembeni liko wazi, hewa inapita, na mnunuzi haingii kwa kubisha hodi. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, lakini somo lake limebaki: maduka yakiupa mgongo uwanja wa watu unaoyazunguka, uwanja huo hufa. Milango itazame watu, baraza zipate kivuli, na mama lishe na machinga watengewe nafasi kwenye ramani kabla msingi haujachimbwa.