Nikeli Nyingi, Uso Dhaifu

Msikilizaji, ili gari la umeme liende mbali zaidi kwa chaji moja, viwanda vinaongeza nikeli kwenye kathodi ya betri. Katika mchanganyiko uitwao NMC 811, nikeli ni asilimia 80 ya metali zake, ukiacha lithiamu. Zilizobaki ni manganizi na kobalti.

Tabu iko juu ya uso wa chembe za mchanganyiko huo. Betri ikijaa, nikeli ya juujuu huishambulia elektroliti, yaani kimiminika cha ndani ya betri, oksijeni inaweza kutoka, na joto likapanda. Hata kiwandani, mabaki ya lithiamu usoni hunyonya unyevu wa hewa, na rojo la chembe hizo la kupaka kwenye karatasi ya alumini likaganda kama ugali.

Wengine huosha chembe kwa maji, lakini maji yakizidi huchomoa lithiamu ya ndani. Mimi naipa kura njia ya kuzivika koti la oksidi ya alumini, unene wa nanomita chache tu. Likizidi, lithiamu haipiti vizuri.

Tanzania ina hazina ya nikeli kule Kabanga, wilayani Ngara. Kuisafisha ni hatua ya mwanzo tu. Mbele yake kuna kazi ya kutengeneza chembe na kuzivika koti hilo.