Kukawia Nako Hula Amana
Hotuba juu ya kuipanga kazi ya ujenzi, kwa jamaa wa Malukhu, Mbale

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Enyi wazee na vijana, akina mama na akina baba wa Malukhu! Maneno haya ni juu ya kuipanga kazi kubwa na kuiwekea siku zake, na jinsi kompyuta inavyoweza kumsaidia mwenye kuipanga. Huenda mtu akauliza, "Kompyuta na sanduku la msikiti vina uhusiano gani?" Jawabu lake ni hili. Kila shilingi inayotiwa katika sanduku la ujenzi ni amana, na amana huweza kupotea bila ya mwizi kuigusa. Mfuko wa saruji ulionunuliwa mapema mno huganda stoo. Nondo zilizoachwa uwanjani hushika kutu. Fundi aliyeitwa siku ambayo mchanga haujafika hulipwa kwa kukaa kivulini. Mwisho wa mwaka mhazini hufungua daftari, akaona hesabu ni safi, wala fedha haipo, na ukuta haujafika kwenye lenta.

Kupanga si jambo geni katika dini. Safari ya Mtume (s.a.w.) kutoka Makka kwenda Madina iliwekewa mpango, na kila mtu alipewa kazi yake na wakati wake. Abdallah bin Abi Bakr alileta habari za mjini usiku. Asma alitayarisha chakula. Amir bin Fuhayra alipitisha mbuzi ili nyayo zifutike. Kiongozi wa njia, Abdallah bin Urayqit, aliagizwa afike na ngamia pangoni Thawr baada ya siku tatu, wala si kabla yake. Lau mmoja wao angaliikosea saa yake, kazi ya wenziwe ingaliharibika. Aliyepanga hivyo ndiye aliyemtegemea Mola wake kuliko watu wote; basi asiseme mtu kwamba kupanga ni upungufu wa tawakkul.

Katika nchi hii ya Uganda nako kuna mafunzo yake. Msikiti Mkuu wa Taifa ulioko Old Kampala ulianzwa katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin. Ujenzi ukasimama, na jengo likakaa bila kumalizika miaka mingi, mpaka lilipokamilishwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa rasmi mwezi wa Machi 2008. Waumini waliouona msingi wakiwa vijana waliingia kusali humo wakiwa wazee, na wengine hawakuwahi.

Na hapa Mbale, juu ya Nkoma, kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu. Shauri lake lilikubaliwa mwaka 1974 katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore, nacho kikafunguliwa mwezi wa Februari 1988. Miaka 14 ilipita katikati, na ndani yake mlikuwa na vita na kugeuka kwa serikali, mambo ambayo ratiba haiwezi kuyazuia. Lakini mlango ulipofunguliwa, chuo kilianza na wanafunzi 80 tu, kikakua kidogo kidogo hata leo kina matawi nje ya Mbale. Hakikungoja mpaka kila jengo limalizike.

Jinja nako palifanywa vivyo hivyo. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954. Mashine zake za kufanya umeme ni kumi, lakini hazikutiwa zote kwa mara moja. Ziliongezwa kwa zamu, na ya mwisho ikaanza kazi mwaka 1968. Waliolipanga walijua ni kazi ipi ya lazima kwanza, na ipi yaweza kungoja mpaka haja yake ifike. Maarifa hayo mawili ndiyo msingi wa kupanga kote.

Mhandisi wa Kimarekani, Henry Gantt, aliyefanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20, aliieneza desturi ya kuichora kila kazi kama mstari juu ya karatasi ya siku. Mstari mrefu ni kazi ndefu. Baadaye, mwaka 1957, wataalamu wa kampuni ya DuPont na ya Remington Rand walivumbua hesabu ya kutafuta ni mnyororo upi wa kazi unaoamua siku ya mwisho. Hesabu hiyo ilitaka kompyuta kubwa za thamani nyingi. Leo hufanywa na kompyuta ndogo ya mezani. Microsoft Project ni programu ya kununua; GanttProject na ProjectLibre zaweza kupatikana bila malipo. Kijana yeyote wa madrasa anayejua kuandika kwa kompyuta aweza kujifunza mambo yake ya kwanza kwa muda mfupi.

Programu hiyo humwuliza mtu maswali manne: Kazi ni zipi? Kila moja itachukua siku ngapi? Ipi haiwezi kuanza mpaka nyingine iishe? Ni nani atakayeifanya? Akiisha kujibiwa, yenyewe huchora mistari na kutaja siku ya kumaliza.

Natuchukuliwe mfano wa vyumba viwili vya madrasa. Kibali cha ramani kutoka halmashauri ya jiji kipewe siku 30 za kazi. Msingi siku 10. Kuta siku 20. Paa siku 8. Plasta siku 12. Rangi siku 5. Kila moja hufuata iliyotangulia, na jumla yake ni siku 85. Milango na madirisha ya chuma hutaka siku 15 kwa mchomeleaji, naye aweza kuanza mara kibali kikipatikana. Basi yeye atamaliza siku ya 45, na kazi yake haitakiwi mpaka siku ya 68, kabla ya plasta. Anazo siku 23 za nafasi.

Hapa ndipo penye faida kubwa. Mchomeleaji akikawia juma moja, hakuna kitakachoharibika. Mwashi akikawia juma moja, siku ya kufungua madrasa itasogea juma zima. Kamati isiyojua tofauti hii humpigia kelele mchomeleaji kwa sababu yuko karibu na barabara na huonekana, ikamwacha mwashi, au ikaliacha faili la kibali lilale mezani kwa watu. Na tazameni, siku 30 kati ya 85 zimekwenda katika kibali peke yake, kabla jembe halijagusa ardhi. Aliyewaahidi wafadhili miezi mitatu, kwa juma la siku sita za kazi, amekwisha kukosea kwa juma zima tangu siku ya kuahidi.

Lakini programu ni kama karani mwaminifu asiyeujua mji. Haijui jambo lisiloandikwa ndani yake. Tuseme kazi hiyo ianze Jumatatu tarehe 2 Novemba 2026. Programu itahesabu, na kusema rangi itakwisha tarehe 8 Februari 2027. Nayo haikuambiwa kwamba tarehe 25 na 26 Desemba, tarehe 1 Januari na tarehe 26 Januari ni sikukuu za serikali, ambazo mafundi hawatafika. Zikitiwa, siku ya mwisho inakuwa tarehe 12 Februari. Haikuambiwa pia kwamba Ramadhani hutazamiwa kuingia karibu na tarehe 8 ya mwezi huo huo, kwa kuandama kwa mwezi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hata katika mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Basi kalenda ya programu hapana budi itengenezwe na watu wanaoijua jamaa yao.

Vivyo hivyo mvua. Hakuna mtu wa Mbale aliyesahau usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika, na watu zaidi ya 20 wakafa. Anayepanga kuchimba msingi katika miezi ya mvua na aandike siku za ziada, tena aziandike waziwazi, asizifiche ndani ya siku za fundi. Na wakati wa kuvuna kahawa huko Elgon vibarua hupungua mjini; hilo nalo liandikwe.

Kuna mambo matatu ya kushikwa na kila kamati. La kwanza, ratiba iliyokubaliwa siku ya kwanza ihifadhiwe bila kuguswa, na mabadiliko yaandikwe kando yake. Kamati inayosogeza tarehe kila mwezi na kuifuta ya zamani haitaonekana imechelewa hata siku moja, na jengo halitakwisha. La pili, asikubaliwe mtu anayesema kazi imekwisha kwa asilimia 90. Aulizwe, "Mabati yamepigwa au hayajapigwa?" Kazi ihesabiwe imekwisha inapokwisha. La tatu, ratiba ichapwe na kubandikwa ubaoni msikitini, karibu na hesabu ya fedha, ili bibi aliyetoa shilingi elfu moja apate kuisoma au kusomewa, akajua ni siku gani saruji itanunuliwa na ni nani mwenye dhima.

Jambo hili la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloogopwa. Tarehe ikibandikwa, huwa ni ahadi, na jina likiandikwa kando yake, huwa ni mdhamini. Kwa hiyo wako watakaopendelea mipango ikae vichwani mwa wazee wawili watatu. Wazee hao huenda wakawa waaminifu kabisa. Lakini mmoja akiugua au akisafiri, ujenzi huugua na kusafiri pamoja naye. Na watu waliotoa mara moja, wasione kitu wala wasiambiwe kitu, hawatoi mara ya pili. Mikono ikiisha kufungika, hakuna programu ya kuifungua.

Basi vijana wenye maarifa ya kompyuta na wapelekwe kwa wazee wenye maarifa ya mji, wakae meza moja, waandike kazi moja moja na siku zake kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujanunuliwa. Jioni chache za kuandika ni gharama ndogo kuliko miaka ya kutazama kuta zisizo na paa.

Wa billahi tawfiq.