Shamba Alilolitoa Koko kwa Mdomo
Maneno ya wajukuu siku ya arobaini, Kasongo

Wababa na wamama, wakubwa wa baraza, Bwana Chifu, Mwalimu wa msikiti na Padri mliokaa kwenye benchi moja, na ninyi jamaa mliotoka upande wa Kabambare: sisi tunaosema ni wajukuu wa marehemu. Wengine wetu wako Kindu, Bukavu na Kalemie, na njia haikuwaruhusu kufika. Tumemchagua mmoja wetu asome, lakini maneno tumeyatafuta pamoja usiku wa jana.

Katika vitabu vya Kiswahili mama wa mzazi wako anaitwa bibi. Kwetu Kongo bibi ni mke wa mtu, kwa hiyo sisi tulimwita Koko. Mtaa mzima ukamwita hivyo, hata wazee wenye mvi kama zake.

Siku ya maziko tuliuliza mbele ya kaburi, kama desturi inavyotaka, kama kuna mtu anayemdai marehemu. Mama mmoja wa sokoni akasema anamdai sabuni mbili, na akasamehe palepale. Hakuna mwingine aliyesema. Lakini usiku ule, na siku zilizofuata, jamaa wa Kabambare walikuja mmoja mmoja, wakakaa, wakalia pamoja nasi, na walipokuwa wakiaga wakauliza kwa sauti ndogo: «Na shamba je?» Hawakuuliza kwa tamaa. Waliuliza kwa sababu Koko hakuandika kitu. Alilitoa shamba kwa mdomo, na mdomo ule sasa umenyamaza. Ndiyo maana hatuwezi kuyasimulia maisha yake leo na kuliacha shamba pembeni.

Koko hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Kwenye kadi ya uchaguzi waliandika tarehe ya kukisia tu, kama walivyowafanyia wazee wengi. Alichojua ni kwamba alizaliwa baba yake akiwa msituni kutafuta mpira. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Wabelgiji waliongeza kazi za lazima za wanavijiji kutoka siku 60 hadi siku 120 kwa mwaka, na mpira wa msituni, ambao wazee walidhani umekwisha, ukarudi. Kwa hiyo jina lake la utoto lilikuwa na maana ya «baba hayupo». Yeye mwenyewe alicheka akilitaja.

Alikua akipanda mpunga. Hapa Kasongo mpunga ulikuja na misafara ya watu wa pwani, zamani za Tippu Tip, kabla Wabelgiji hawajauteka mji mwaka 1893. Kiswahili tunachosema kilikuja kwa njia ileile. Vijana walipokuwa wakibishana ni nani mwenyeji halisi na nani amekuja juzi, Koko alikuwa akiwaonyesha sahani ya wali na kuwauliza: huyu naye tumrudishe kwao?

Mwaka 1964, wakati wa vita ya Simba, alikuwa mke kijana mwenye mtoto mmoja mgongoni. Walikimbilia msituni, kisha wakafika kijiji cha watu wasiokuwa wa kabila letu. Mama mmoja wa kule alimpa kona ya shamba la karanga. Hakumuuliza anatoka ukoo gani wala atakaa siku ngapi. Alimwambia tu avune zake aziache za mwenye shamba. Koko alimtaja mama yule kila tulipokula karanga. Tulipokuwa watoto tulichoka kusikia habari zake.

Vita ya 1998 ilimkuta na watu tisa nyumbani. Kindu iliangukia mikononi mwa waasi Oktoba mwaka ule, kisha moto ukafika huku kwetu. Wakubwa kati yetu wanaukumbuka msitu ule. Chumvi ilikosekana kabisa. Koko alikata majani ya mtoni, akayakausha, akayachoma, akachuja majivu kwa maji, akayachemsha hadi ukabaki unga wa kijivu wenye uchungu. Tulikula sombe na chumvi ile. Wanaume walisukuma baiskeli zenye madumu ya mawese wiki nzima kutafuta chumvi halisi na sabuni, na si wote waliorudi. Mdogo wa baba yetu alifia kule, si kwa risasi bali kwa surua. Yale waliyofanyiwa wanawake njiani Koko hakuyasema mbele ya wanaume hata siku moja. Lakini wamama waliofika kwetu miaka ya baadaye wakiwa wameumizwa walilala chumbani kwake, na mlango ulifungwa.

Mapatano yalitiwa sahihi Pretoria Desemba 2002, na serikali ya mpito ikaanza katikati ya 2003. Sisi tulirudi taratibu. Koko alikuta watu wanalima shamba lake la njia ya Lualaba, na mpunga wao ulikuwa umeanza kutoa masuke. Ndugu za mume wake walitaka kuwafukuza siku ileile. Koko akasema mpunga hauna kosa. Aliwangoja wavune, nao walipomaliza wakamletea mabeseni mawili bila kuombwa, wakahama. Wengi wanasimulia habari hii kama wema tu. Sisi tunaona ilikuwa pia akili: watu wale wangefukuzwa njaa ikiwa shingoni, wangerudi usiku.

Sasa tunafika kwenu, jamaa wa Kabambare. Kuanzia 2016 vita vya vikundi vyenye silaha na vya jeshi kandokando ya Salamabila viliwatoa watu vijijini, na tangu hapo wengine wamerudi na kukimbia tena zaidi ya mara moja. Mlifika Kasongo kwa miguu, na vyungu kichwani. Kambi hamkujengewa. Mliingia katika nyumba za watu, kama ilivyo kawaida ya jimbo hili la Maniema, ambako mkimbizi wa ndani hulala kwenye mkeka wa jirani kabla msaada haujafika, na mara nyingi msaada haufiki. Watu waliwaita «wadeplase». Koko alilikataza neno lile nyumbani kwake. Alisema mtu haitwi kwa jina la msiba wake.

Wote tunaijua methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumwambia mgeni kwa upole kwamba amekaa mno. Koko aliichukua kama ilivyo. Alisema ukimpa mtu jembe bila kumwonyesha pa kulima, umemtukana. Siku ya tatu alizipeleka familia za kwanza shambani, akapiga hatua mwenyewe, akaweka vijiti. Mwisho zikawa familia kumi na moja.

Lakini hakutoa ovyo, na hili tunataka lisikike, kwa sababu wako wanaosema alikuwa mzee mwenye huruma asiyejua anachofanya. Kwanza aliwaendea wazee wa ukoo wa babu na jogoo. Aliwaambia: sigawi ardhi yenu, natumia haki yangu ya kulima, nayo nawaazima hawa. Wakakubali, na wawili kati ya waliokula jogoo yule wamekaa hapa leo. Pili aliweka masharti kwa mazao. Mpunga na karanga, ndiyo, bila kuuliza, maana ni msimu mmoja. Mihogo, ndiyo, lakini umwambie kwanza, kwa kuwa mihogo hukaa ardhini mwaka na zaidi, na anayeipanda anasema «nitakuwepo». Mti wa kudumu, hapana. Katika desturi yetu, na katika yenu pia, anayepanda mti anaanza kudai ardhi. Kila mavuno walileta beseni moja. Halikuwa kodi. Lilikuwa la kuonyesha kwamba mwenye shamba hajasahauliwa, na mara nyingi Koko alilipika palepale tukala wote.

Mwaka 2019 baba mmoja katika zile familia alipanda michikichi kumi na miwili. Vijana wa ukoo waling'oa mitatu usiku. Asubuhi kulikuwa na mapanga pande zote mbili, na mtu angeweza kufa kwa miche ile. Koko alikaa chini katikati ya shamba na kukataa kuondoka. Wazee walipofika alimuuliza yule baba jambo moja tu: kwa nini michikichi? Akajibu kwamba amemzika mtoto wake hapa, na mtu aliyezika mtoto mahali hawezi kuwa mpita njia.

Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Baraza lilikaa siku mbili. Mwisho walipatana hivi: miti ni ya ukoo, yule baba atakata mikungu maadamu yuko Kasongo, na nusu ya mafuta ni yake, akirudi kwao, miti inabaki bila malipo, na kaburi la mtoto halitalimwa na mtu yeyote, milele. Vijana walirudisha miche mitatu. Miti ile inazaa sasa. Mafuta yaliyopika wali wa leo yametoka pale.

Mwenye mapatano amekufa, na hapa ndipo tulipo. Mmoja wa waliotaka kutusaidia alitueleza Sheria ya Ardhi ya 20 Julai 1973. Ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, na kwamba haki za jamii za vijiji juu ya ardhi yao zingepangwa kwa amri ya Rais. Watoto waliozaliwa mwaka ule wakawa wababu na wabibi wakiingoja amri ile. Kwa hiyo katika vijiji vyetu linalomlinda mtu ni mashahidi walio hai, na mashahidi huzeeka. Tuseme wazi pia kwamba karatasi peke yake haizuii panga. Lakini karatasi iliyosomwa mbele ya watu wote, watu waliokula pamoja, hiyo ni vigumu kuikana.

Wako waliosema mwanamke hana neno katika ardhi ya ukoo. Hatukutaka kuanza na sheria, lakini kwa kuwa jambo limetajwa, tunakumbusha kwamba Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inawahesabu watoto wote wa marehemu kuwa warithi, wa kike sawa na wa kiume. Shangazi zetu wako hapa. Wamekaa katika mazungumzo yote, na wamesema kabla yetu.

Basi tumekubaliana, watoto na wajukuu na wazee wale wawili wa jogoo. Walio na mpunga watavuna. Walio na mihogo wataing'oa ikikomaa, na hakuna atakayekatiwa mihogo michanga. Anayetaka kupanda tena msimu ujao atamwambia shangazi yetu mkubwa, ambaye sasa ndiye anayepokea beseni, na shangazi atawaambia wazee. Michikichi inabaki kama ilivyoamuliwa 2019. Kaburi la mtoto limepandwa maua ya uzio wiki iliyopita, na la Koko liko hatua thelathini kutoka pale, kama alivyoomba. Anayetaka kurudi Kabambare, siku njia itakapotulia, asiondoke usiku kwa aibu ya deni. Hana deni. Na asisukumwe kurudi kabla yeye mwenyewe hajaona kwamba kumetulia.

Maneno haya yameandikwa mara tatu: nakala moja ya Bwana Chifu, moja ya ukoo, moja ya familia kumi na moja, ambao wenyewe watachagua nani aitunze. Tumeyaandika kwa Kiswahili na si kwa Kifaransa, ili anayeweka kidole gumba asomewe anachokubali.

Limebaki jambo moja, nasi hatutalificha kwa sababu ya sherehe. Kile kipande cha kijitoni si cha mkono wa babu yetu. Ni cha mzee mwingine wa ukoo, aliyemwazima Koko. Wanawe wanataka kukikata viwanja wauze, na wana haki ya kuzungumza, kwa kuwa nao wana watoto wa kusomesha. Lakini familia tatu zina mihogo pale, ya miezi minane. Tumemwomba mzee angoje hadi mihogo ikomae. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliomba asikie kwanza yatakayosemwa leo.

Mzee, umetusikia. Nafasi ya jina lako tumeiacha wazi chini ya karatasi, na wino uko kwa Mwalimu. Wengine karibuni mnawe mikono, wali uko tayari.